Tairi jipya mwisho, boljointi kwanza

Masika ikianza kunukia, maswali nayo yanaanza. Mwenye Prado ya zamani, mwenye Surf, mwenye Escudo, wote wanataka kujua walivishe gari tairi gani: A/T (la njia zote) au M/T (la tope), pana au jembamba, jipya la bei nafuu au la mtumba lenye jina kubwa. Mimi huwauliza kwanza: hilo lililopo limeliwa wapi? Wengi hawajaangalia. Wanajua tu kwamba limekwisha.

Naomba tuanzie hapo, kwa sababu nimeona watu wakitoa fedha nyingi kununua matairi manne mazuri, wakayafunga kwenye gari lenye miguu iliyochoka, yaani springi, shokapu na viungo vyake, na kabla mwaka haujaisha gari limeyala upande mmoja hadi nyuzi zikaonekana. Tairi halikuwa na kosa. Gari la miaka 25 lina raba zilizokakamaa, viungo vilivyolegea na shokapu ambazo zimebaki chuma tu, na tairi jipya likifungwa juu ya hayo linayaficha kwa wiki chache. Msimamo wangu ni huu: kwenye gari kongwe la 4WD, tairi na miguu ni kazi moja, na katika kazi hiyo tairi ndilo linalonunuliwa mwisho.

Gari langu ni Prado ya 1998, ile ya namba 90 ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1996 na kuiachia nafasi 120 mwaka 2002. Injini ni 1KZ ya dizeli, lita 3. Nimelipokea kwa mjomba aliyekuwa akilipeleka shambani Kisarawe. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanalihusu hasa gari hilo, ingawa mwenye Hilux Surf ya miaka ileile atajiona yuko nyumbani, maana miguu ya mbele ya magari haya mawili ni ya ukoo mmoja: amu ya juu na amu ya chini, yaani vyuma vinavyolishika gurudumu kwenye chasisi, na springi iliyozunguka shokapu katikati. Nyuma kuna ekseli moja ngumu inayobebwa na springi za koili na kushikwa na vyuma vinne vya urefu na kimoja cha kukingama.

Piga magoti ulisome tairi. Lililoliwa katikati na kubaki na meno pembeni limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Lililoliwa pembeni kotekote limekimbizwa na upepo mdogo. Hayo mawili yanaishia kwa mtu wa pancha. Ukikuta limeliwa upande wa ndani peke yake, hapo kuna kazi: ama alaimenti (mkao wa magurudumu) imepotea, ama bushi za amu, zile raba zake, zimelegea kiasi kwamba gurudumu lina mkao mmoja gari likiwa limesimama na mkao mwingine likiwa mwendoni. Kisha weka kiganja juu ya meno, papasa kuelekea ndani ya gari, halafu rudisha nje. Kiganja kikiteleza vizuri kwenda na kukwaruzwa wakati wa kurudi, kama umepapasa msumeno, basi magurudumu mawili ya mbele hayaangalii njia moja. Na ukilizungusha tairi ukaona mabonde na vilima vinavyofuatana kwenye meno yake, shokapu haishiki tena au balansi hakuna. Gurudumu limekuwa likidunda juu ya lami, likigusa na kuachia, likigusa na kuachia.

Hayo yote unayapata bure, kabla hujamlipa mtu. Ndiyo maana naumia nikiona tairi la zamani linavuliwa kwenye rimu na kutupwa pembeni bila mwenye gari kuliangalia hata mara moja.

Boljointi ya chini haibembelezwi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hili ni jambo la uhai. Boljointi ni kile kiungo chenye pini na kikombe kinachounganisha amu na gurudumu.

Kwenye magari mengi uzito wa gari unaikandamiza boljointi ndani ya kikombe chake, hivyo hata ikilegea inabaki imekaa mahali pake ikipiga kelele. Kwenye Prado 90 na Surf ya wakati huo mambo yamegeuzwa. Amu ya chini inaning'inia chini ya boljointi, springi inaisukuma amu kwenda chini, na tairi linalisukuma gurudumu kwenda juu. Pini ya boljointi iko katikati ya mvutano huo, inavutwa itoke kwenye kikombe muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Kikombe kikiisha ndani, pini inachomoka. Gurudumu linalala, tairi linajibana kwenye fenda, na usukani hauna kazi tena. Likitokea unatoka nyumbani Goba kwa mwendo wa pole, utapoteza fenda na amu. Likitokea umeshapita Chalinze kwa mwendo wa 80 na basi linakuja mbele yako, sitaki hata kumalizia sentensi. Mwaka 2005 Toyota iliyaita gereji mamia ya maelfu ya magari huko Marekani kwa sababu ya boljointi za mbele, na 4Runner, ambayo ndiyo Surf yetu, ilikuwemo. Kasoro ile ilikuwa ya kiwandani kwenye magari ya miaka fulani, lakini muundo ni huuhuu, na sisi tunaendesha magari yaliyokula mashimo kwa zaidi ya miongo miwili.

Mzee ninayempelekea gari, gereji yake iko Ilala, haanzi na spana. Analinyanyua gurudumu kwa jeki, anaweka kigingi chini ya chasisi, halafu ananiita.

"Njoo, mwanangu. Shika tairi juu na chini. Tikisa."

Nikatikisa. Pakasikika mlio mdogo, tak, na yeye alikuwa amejilaza chini tochi mkononi anaangalia kiungo.

"Mwambie kijana akanyage breki aishikilie. Haya, tikisa tena."

"Bado inacheza, mzee."

"Basi beringi iko salama. Ingekuwa beringi, breki ingeituliza. Hii ni boljointi."

Kisha akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua kidogo kidogo, na akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mahali pini inapopanda na kushuka ndani ya buti ya raba. Ni upana mdogo kuliko unene wa kucha. Buti yenyewe ilikuwa imepasuka, grisi imegeuka tope lenye mchanga. Buti ikishapasuka, nyumba ya boljointi imeshaingiliwa na maji ya Msimbazi na vumbi la Kisarawe, na kuibandika grisi mpya juu hakuirudishi.

Mchezo wa juu na chini ndio huo. Ukishika tairi kushoto na kulia ukakuta linacheza, hapo tafuta tairodi au raki endi, vile viungo vya usukani. Na kwenye Prado hii usisahau bushi zinazoshika raki ya usukani kwenye chasisi. Zikiisha, gari linatangatanga barabarani hata kama kila kitu kingine ni kipya, na watu wengi huishia kubadilisha raki nzima bure.

Kwenye kununua, mimi siyumbi: boljointi ya chini nanunua jenuini au ya kiwanda cha Japani ninachokiamini, kwa muuzaji anayenipa risiti na atakayekuwa dukani kesho. Gerezani, mtaa wa maduka ya spea hapa Dar, kuna kila daraja la spea, na boksi lenye maandishi mazuri si ushahidi. Kuna rafiki yangu aliuziwa boljointi ndani ya boksi la jina kubwa, ikaanza kugonga hata masika haijaisha. Na bolti nne zinazoishika boljointi kwenye gurudumu zinabadilishwa pamoja nayo, mpya, zikakazwa kwa spana yenye kipimo. Kazi ya kubahatisha kwa mkono haifai hapo.

Vitu vya mtumba kutoka Japani sivikatai vyote. Amu ya chuma isiyopinda na isiyo na kutu ni amu nzuri, hata kama imetoka kwenye gari lililokatwa. Lakini boljointi ya mtumba, shokapu ya mtumba na bushi ya mtumba ni kununua uchovu wa mtu mwingine.

Raba, na nati inayokazwa gari likiwa chini

Bushi ndizo zinazoshika amu kwenye chasisi. Ni bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na raba imegandishwa katikati. Amu ikipanda na kushuka, raba hiyo haitelezi. Inajinyonga na kurudi. Dar, kwa joto na hewa ya chumvi, raba inakauka na kupasuka pembeni, na bomba la ndani linashikana na bolti kwa kutu. Kwenye amu za chini za Prado bolti hizo ndizo pia zenye visahani vya kurekebishia alaimenti. Zikishikana, hakuna alaimenti itakayofanyika. Fundi wa mashine atakurudishia gari akikwambia "imekataa", na atakuwa anasema kweli. Mara nyingi zinakatwa kwa grainda. Kwa hiyo ukipanga bajeti ya bushi, panga na bolti mpya na visahani vyake siku hiyohiyo, usije ukakaa na gari juu ya mawe huku kijana anazunguka Shaurimoyo kutafuta.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue na alisimamie kwa macho yake. Mzee akishafunga amu mpya, nati za bushi anazikaza kwa vidole tu na kuziacha. Anafunga gurudumu, anashusha gari chini, anapanda kwenye bampa na kulitikisa mpaka likae kwenye kimo chake. Hapo ndipo anaingia chini na kukaza. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini anajitesa, maana gari likiwa juu nati zote ziko wazi na spana inazunguka.

"Gari likiwa juu, amu imening'inia," akasema. "Ukikaza hapo, raba inafikiri huko chini ndiko kwao. Ukishusha gari, imeshanyongwa kabla hujatoka getini."

Ndivyo ilivyo. Raba iliyokazwa ikiwa imening'inia inakaa kwenye mnyongo saa 24, na tuta la kwanza linaiongezea mnyongo juu ya mnyongo. Bushi nzuri ya miaka mingi inachanika ndani ya miezi. Kisha lawama anapewa muuzaji kwamba kauza feki. Kama una fundi mpya, simama hapo wakati wa kukaza, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba nati za amu tukaze gari likiwa limekaa chini." Fundi mzuri hatakasirika.

Kuhusu zile bushi ngumu za plastiki, zina sifa ya kudumu na wanaokwenda porini kila wiki wanazipenda. Kwa gari linaloishi Dar mimi nachagua raba ya kawaida. Plastiki inapitisha kila mtetemo kwenye bodi, inalia ikikosa grisi, na gari la miaka 25 lina sehemu nyingi za kulia tayari.

Nyuma, kile chuma cha kukingama kina bushi mbili ambazo watu huzisahau. Ukisikia "ko, ko" kila unapopita matuta polepole na fundi ameshabadilisha shokapu bila mafanikio, anzia hapo.

Shokapu na springi

Springi inabeba gari. Shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Ndani kuna mafuta yanayosukumwa kupita kwenye matundu madogo, na mwendo ule wote unageuka joto. Ndiyo maana shokapu iliyochoka inaweza kuonekana nzuri mjini, ukailalia fenda na gari likasimama sawasawa, halafu ukaingia barabara ya vumbi yenye mikunjo kutoka Kibiti kwenda Mloka, upande wa Hifadhi ya Nyerere, na baada ya nusu saa mafuta yamechemka, gari linaelea na nyuma inatembea pembeni. Shokapu zenye gesi ya kutosha zinachelewesha kuchoka huko kwa sababu mafuta hayatoi povu haraka. Kwa matumizi ya kawaida KYB, ambazo mafundi wetu wanaziita Kayaba, zinatosha na zinapatikana. Wanaosafiri na mzigo mzito wana sababu ya kutafuta za Australia kama Old Man Emu, pamoja na springi zake. Lolote utakalochagua, nunua jozi: mbele zote mbili, nyuma zote mbili.

Springi pima kabla ya kununua. Chukua futi, pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake, kwenye magurudumu yote manne, gari likiwa mahali tambarare. Ukipima hivyo tairi na upepo wake haviingii kwenye hesabu. Ukiona kushoto na kulia vinatofautiana sana, au nyuma imekaa chini gari likiwa tupu, springi zimelala. Prado hii inabeba tairi la spea kwenye mlango wa nyuma, watu wanaongeza madumu na jokofu, na nyuma ndiyo inayolala kwanza.

Wengi wakishaona gari limelala wanaambiwa walinyanyue kwa vipande vya raba vinavyoingizwa katikati ya springi. Sishauri. Pale panapozibwa na raba springi haiwezi kujikunja, na kazi yote inahamia kwenye mizunguko iliyobaki, ambayo hatimaye inakatika. Gari limepanda, lakini ugonjwa umebaki palepale na kingine kimeongezeka. Ukitaka kunyanyua kweli, weka springi sahihi na uishie kama milimita 50. Kupita hapo, sivi jointi za mbele, viungo vya ekseli zinazozungusha magurudumu, zinafanya kazi zikiwa zimepinda kupita kiasi, buti zake zinachanika, na ile kasta inayorudisha usukani katikati inapungua hadi gari linakuwa jepesi la kutisha kwenye lami.

Alaimenti inafanyika baada ya haya yote, si kabla. Omba karatasi yenye vipimo vya kasta, kamba (kulala kwa gurudumu) na too (kuelekea kwake ndani au nje) kwa kila upande, uitunze kwenye gari.

Sasa tairi

Jiulize gari linakwenda wapi kweli. La kwangu linalala Goba, linapanda Morogoro Road na Bagamoyo Road, linaingia barabara za ndani ambazo masika zinageuka utelezi juu na mchanga chini, linakwenda Kisarawe kwenye udongo mwekundu, na likipata nafasi linaelekea Saadani au Mloka. Sehemu kubwa kabisa ni lami, na lami hiyo wakati wa mvua ina maji, mafuta ya malori na bodaboda zinazochomoka popote.

Kwa maisha hayo M/T ni kujipa shida. Meno yake makubwa yenye mapengo mapana ni mazuri kwenye tope zito, kwa sababu yanajisafisha yakizunguka. Lakini kwenye lami iliyolowa, raba inayogusa barabara ni chache na vile vijistari vyembamba vinavyokata maji ni vichache au havipo kabisa, hivyo breki inahitaji nafasi ndefu zaidi. Linaunguruma, ni zito, na uzito huo uko upande wa gurudumu, kwa hiyo shokapu ulizonunua juzi zinafanya kazi zaidi kila shimo. Na kwenye ule udongo mweusi wa mbugani unaonata, hata M/T linajaa na kuwa duara la udongo. Hapo kinachokuokoa ni kusubiri pakauke, au njia nyingine.

H/T, tairi la barabara kuu, ni la anayeishi kwenye lami tu. Mbavu zake ni laini na barabara za kokoto kali zinazichana. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na A/T, na ndani ya A/T tafuta lenye vijistari vingi kwenye meno na lenye mabega yaliyochongwa. Angalia pia kina cha meno. Alama ya mwisho iliyofichwa kwenye mifereji ina kimo cha milimita 1.6, lakini kwa tope, tairi limekwisha kazi zamani kabla halijafika huko. Mimi nikiona meno yamebaki nusu najua masika ijayo sina tairi la Kisarawe.

Saizi ya kiwanda ni 265/70R16, yenye kipenyo cha kama milimita 777. Kuna wanaopanda kwenda 265/75R16 au 235/85R16, zote zina kama milimita 805. Tofauti ya karibu milimita 28 inanyanyua difu kwa nusu yake tu, yaani milimita 14, na mshale wa spidi unaanza kusoma pungufu kwa karibu asilimia 4, jambo la kukumbuka ukikaribia kijiji chenye tochi ya trafiki. Hilo la 235 lina hoja nzuri: ni jembamba, linakata utelezi wa juu kutafuta ardhi ngumu chini, kama zinavyofanya Land Cruiser mkonga na tairi zao za 7.50R16. Kwenye mchanga wa ufukweni Kigamboni pana linaelea vizuri zaidi. Mimi nimebaki na saizi ya kiwanda kwa sababu inapatikana kila mahali, hata kwa mtu wa pancha wa Kibiti.

Wauzaji watakusukumia "plai 10". Hizo si tabaka 10 za kweli; ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba. Tazama namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni: 112 maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120, na manne yanabeba kilo 4,480. Prado iliyojaa watu na mizigo haifiki tani 3. Ubavu mgumu wa plai 10 unamfaa anayebeba mzigo mzito au anayeishi kwenye mawe. Wengine utawapa gari gumu linalorukaruka.

Kisha tafuta maandishi ya DOT na usome tarakimu 4 za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikiwa stoo, na zaidi ikiwa imepangwa juani nje ya duka. Tairi la mtumba lenye meno marefu na umri wa miaka 9 silinunui kwa bei yoyote. Pinda ubavu wake kwa mikono uone nyufa.

Jambo la mwisho kwenye kununua ni kwamba Prado nyingi za aina hii zilizotoka Japani ni za 4WD muda wote, zenye difu ya katikati. Ukiweka matairi mapya mawili mbele na kuacha yaliyokwisha nyuma, unaweka vipenyo viwili tofauti. Tairi jipya lenye meno ya milimita 11 na kuukuu lenye milimita 3 vinatofautiana milimita 16 za kipenyo, kama asilimia 2, na difu hiyo inalipa kila mita unayokwenda. Ukifunga HL, gia inayoifunga difu hiyo, kwenye barabara ngumu, mnyongo unaingia kwenye gia zenyewe. Nunua manne yanayofanana, jina moja na saizi moja. Kama fedha haitoshi kwa manne, weka fedha kwenye boljointi na usubiri.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Anza na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi zenye herufi LT zinahitaji nyongeza kidogo kubeba uzito uleule. Mchangani shusha hadi psi 18 au 20, uende polepole bila kukata usukani kwa ghafla, na uwe na kompresa ya kurudishia kabla hujagusa lami. Ukitoka ufukweni osha chini ya gari siku hiyohiyo, maana chumvi inaanza na zile bolti mpya.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati za magurudumu. Springi mpya zinakaa kidogo wiki za mwanzo, hivyo rudi na ile karatasi ya alaimenti mashine iangalie tena. Halafu kila kilomita 10,000 zungusha matairi, na uzungushe matano, pamoja na lile la mlango wa nyuma, ili siku utakapopata pancha Kimanzichana, spea unayoifunga iwe na meno ya kimo kilekile na zile tatu zilizobaki.